Sifuri ya Dada Kengele

"Sema thelathini, tumalize," Mkuu wa kituo alisema.

"Sifuri," Kengele akajibu.

"Dada, maji ya nyuzi sifuri ni barafu. Umewahi kuona barafu inambabua mtu?"

"Sijasema maji yalikuwa sifuri. Nimesema kioo cha mashine kiliandika sifuri. Joto sifuri, mlango wazi. Ndivyo kilivyoandika na ndivyo nitakavyosema, hata mkinikalisha hapa mpaka niote mizizi."

Mkuu akatupa kalamu mezani. Ikabingirika, ikaanguka sakafuni, hakuna aliyeinama kuiokota. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, na maelezo ya mwanamke huyu yalikuwa yameandikwa upya mara ya tatu. Kila mara karani aliweka namba yenye akili, thelathini. Kila mara mwanamke aliisoma karatasi neno kwa neno, akairudisha bila sahihi.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili, lakini kazini wote walimwita Kengele kwa sababu sauti yake ilisikika juu ya mashine sita zikiunguruma. Alikuwa mwendeshaji wa Pipa Namba Mbili kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Jumanne mchana mlango wa pipa hilo ulifunguka likiwa bado na maji ya nyuzi themanini na tano. Maji yakammwagikia mwanamke aliyesimama na toroli akisubiri mashuka: mikono yote miwili, tumbo, mapaja. Mwanamke huyo alikuwa mama mdogo wake Kengele, ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. Sasa alikuwa amelazwa juu ya mashuka yale yale aliyozoea kuyakunja.

Kiwanda kilisema Kengele alichokonoa kufuli la mlango kwa bisibisi ili awahi kumaliza. Bisibisi yenyewe ilikutwa mfukoni mwake. Saa kumi jioni faili lilikuwa linakwenda kwa mwendesha mashtaka.

Kwenye kona alikaa mpelelezi mmoja. Wenzake walimwita Kisiki, kwa sababu ukimpiga teke unaumia wewe. Shule aliiacha kidato cha pili, upolisi aliuingilia dirishani, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kitu akakiamini mara ya kwanza.

"Dada," alisema, "hiyo sifuri uliiona Jumanne tu?"

Kengele akamgeukia. Ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza swali badala ya kumpa jibu. "Wiki tatu nzima, afande. Kila pipa likimaliza, sifuri. Nikamwambia Injinia. Akasema kioo kimezeeka kama mimi."

"Uliandika popote?"

"Kwenye karatasi za zamu. Mwanzoni. Ukiambiwa mara tatu kioo kimezeeka, unachoka."

"Karatasi za zamu tumeletewa za wiki hii," Mkuu akadakia. "Hamna sifuri hata ya dawa."

"Si nimesema mwanzoni? Au leo masikio yako yamepumzika?"

Kisiki alimvuta Mkuu mpaka kwenye korido kabla hajalipuka.

"Huyu hasemi uongo."

"Kwa sababu gani? Kwa sababu ana mdomo?"

"Mwongo anatafuta namba itakayoaminika. Angesema thelathini, tungeandika thelathini, tungekunywa chai. Mtu anayeng'ang'ania namba ya kijinga siku mbili, ameiona kwa macho yake."

"Au ni mjinga."

"Basi nipe mpaka saa kumi nikuthibitishie ujinga wake."

"Saa kumi, Kisiki. Si saa kumi na dakika moja. Meneja wa kile kiwanda ananipigia simu kama mchumba."

*

Pipa Namba Mbili lilikuwa kubwa kama chumba cha mpangaji. Kisiki alianza na kufuli. Alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akawasha tochi, akapitisha kidole pembeni mwa chuma chote, polepole. Rangi ilikuwa nzima. Hakukuwa na mkwaruzo.

"Bisibisi inaacha meno," alisema.

"Haijawahi kugusa hapo," akajibu Fundi Umeme, mtu mnene aliyekuwa amesimama nyuma yake na koleo mkononi. "Ile ya Kengele ni ya kukazia kifuniko cha kioo. Pipa likizunguka kinatetemeka kama jino bovu. Kila mtu anajua."

"Mbona hukusema?"

Fundi Umeme akaangalia juu, kwenye dirisha la ofisi ya Injinia. "Mimi nina watoto wanne, afande."

Injinia mwenyewe alishuka ngazi taratibu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, kalamu nne mfukoni, adabu nyingi. Aliwaongoza mpaka kwenye kijichumba cha kuongozea mashine. Humo kulikuwa na kompyuta ya zamani, ile yenye kioo chenye mgongo mrefu, kibodi imefunikwa nailoni. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari karatasi za zamu zimetungwa. Kisiki alizifunua kidogo. Zilikuwa karatasi ndefu zenye matundu pembeni, na upande wa pili zimechapwa maneno ya mashine.

"Hatutupi kitu hapa," Fundi Umeme alieleza. "Bosi Injinia hawezi kusoma kwenye kioo. Lazima achape, apige kalamu ya risasi. Akimaliza, sisi tunaandikia zamu mgongoni."

"Karatasi tu hizo," Injinia akasema. "Afande amekuja kuona mashine. Tumwonyeshe mashine."

Wakaijaribu. Injinia alieleza kwa sauti ya mwalimu: pipa likimaliza kufua, maji baridi yanaingia, yanapoza kila kitu, ndipo programu inapima joto. Likiwa chini ya nyuzi arobaini, kufuli linafunguka. Likiwa juu, halifunguki hata uje na shoka.

"Jumanne maji baridi yaliingia?"

"Jumanne maji yalikatika mtaa mzima kuanzia saa tano. Ndiyo maana ninasema, mashine ingekataa kufungua. Mtu ndiye aliyeilazimisha."

Alifunga koki ya maji baridi kwa mkono wake, wakapasha maji ya pipa lisilo na mashuka mpaka themanini na tano, wakaliacha limalize. Kisiki alisimama karibu na mlango kuliko alivyoshauriwa. Kufuli halikucheza. Kwenye kioo kukatokea: JOTO 85. MLANGO UMEFUNGWA.

Injinia akatabasamu. "Umeona? Haiandiki sifuri. Mashine ina akili kuliko mwendeshaji."

Fundi Umeme alikuwa amefungua mdomo. Aliufunga haraka, lakini Kisiki alikuwa ameshauona.

"Nataka kuiona programu yenyewe."

"Utaelewa?"

"Hata kidogo. Lakini kunakili najua."

Injinia aliandika neno la siri, huku amelikinga kwa bega. Wanaolijua walikuwa watatu, alisema: yeye, Fundi Umeme, na mama aliyeitunga programu, ambaye walimfukuza miaka miwili iliyopita.

"Kwa nini?"

"Mgomvi. Mimi simsingizii mtu, afande. Lakini yule aliondoka hapa na kinyongo, na neno la siri halijawahi kubadilishwa."

Kisiki alinakili sehemu ya mlango yote kwenye kijitabu chake, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akapitisha macho sehemu nyingine: ya kupasha, ya kuzungusha, ya kumwaga. Hakuelewa neno. Ila aliona kitu kimoja ambacho hakihitaji shule. Sehemu zote zilikuwa mistari mitupu. Sehemu ya mlango peke yake ilikuwa na namba mbele ya kila mstari: 5, 10, 20, 30, 40.

*

Mama Kompyuta, yule aliyeitunga programu, alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, simu na pasi, na hakuinua kichwa mteja alipoingia.

"Kama ni simu iliyoingia maji, iache hapo. Kama ni polisi, simama usinizibie mwanga."

"Umejuaje ni polisi, mama?"

"Viatu. Mtu mwingine hapigi viatu rangi mpaka kwenye soli. Kaa, mwanangu. Yule msichana wa kiwandani amekufa?"

"Aliyeungua ni mama yake mdogo. Yuko hai. Msichana yuko ndani."

Mama akaweka chini chuma cha kulehemu. "Na wamekutuma kwangu kwa sababu mimi mgomvi."

"Ni kweli?"

"Sana. Nilikataa kupunguza muda wa kupoza. Dakika sita. Meneja alizitaka, nikamwambia azitafute kwenye maisha yake, si kwenye mlango wangu. Nikafukuzwa." Alinyoosha mkono. "Lete hicho kijitabu."

Alisoma. Alisoma tena. Halafu akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Hii si kazi yangu."

"Unaweza kusema lolote."

"Naweza. Sikiliza basi, uamue mwenyewe. Programu ni nyumba yenye vyumba. Chumba cha kupasha, chumba cha kumwaga, chumba cha mlango. Kila chumba kina kazi yake. Sawa?"

"Sawa."

"Namba za mashine zinawekwa kwenye vikopo vyenye majina. Kuna kikopo kinaitwa JOTO. Chumba cha kupasha kinapima maji, kinaandika themanini na tano, kinaweka kwenye JOTO. Chumba cha mlango kinafungua JOTO, kinasoma, kinaamua. Umeelewa?"

"Hata mimi niliyeacha kidato cha pili nimeelewa."

"Hujaelewa. Swali: chumba cha mlango kinakisoma kikopo kipi?"

"Si JOTO?"

"JOTO ya nani?" Alichukua vikopo viwili vya misumari mezani, akabandika kila kimoja kipande cha karatasi, akaandika JOTO kwenye vyote viwili. Kimoja alikijaza misumari, akakiweka upande wake. Cha pili kitupu, akakisukuma upande wa Kisiki. "Kwenye lugha hii kila chumba kina kabati lake. Mimi nikisema JOTO, ninamaanisha kikopo changu. Wewe ukisema JOTO, unamaanisha chako. Jina moja, vikopo viwili. Changu kina themanini na tano. Chako kina nini?"

Kisiki akakipindua. Hakikudondosha kitu.

"Sifuri," alisema. Akakirudisha mezani taratibu.

"Sifuri. Mpaka uandike neno hili." Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa kijitabu, ule wenye namba tano. SHARED JOTO. "Hili linaiambia mashine: JOTO ni ya wote, kikopo ni kimoja. Bila hili, chumba cha mlango kinaangalia kikopo chake kitupu, kinasema aa, sifuri, ni chini ya arobaini, kinafungua. Maji yawe ya moto, yawe ya baridi, yawe uji."

"Lakini ubovu huo ungejulikana siku ya kwanza."

"Kwa nini? Kila siku maji baridi yanapoza pipa kabla. Mlango unafunguka, na maji kweli yamepoa. Nani atajua kwamba mlinzi ni kipofu, kama mwizi hajaja?"

Mpaka maji yakatike mtaa mzima. Kisiki hakulisema, lilikuwa linajisema.

"Tatizo, mama, neno hilo lipo. Nimelinakili asubuhi hii. Na mashine inakataa kufungua."

"Lipo leo. Soma namba."

"Tano, kumi, ishirini, thelathini, arobaini."

"Mimi siweki namba. Lugha hii haizihitaji. Fundi Umeme nilimfundisha mimi mwenyewe, naye haweki. Anayeweka ni mtu aliyejifunzia lugha ya zamani, ile ya babu yake hii. Kule namba ilikuwa lazima. Na kule, mwanangu, hakukuwa na vyumba. Nyumba nzima chumba kimoja, mswaki mmoja, taulo moja. Ukisema JOTO, ni ile ile popote ulipo. Mtu wa enzi hizo haoni sababu ya kuomba ruhusa ya kutumia kikopo. Hajasahau. Hajui kama kuna cha kusahau."

"Na hiyo tano?"

"Wale walihesabu kwa kumi kumi, makusudi. Wanaacha nafasi, ukikumbuka kitu baadaye unakichomeka katikati. Hakuna mtu wa namba aliyewahi kuanza na tano. Tano ni mtu aliyefika amechelewa."

Kisiki akasimama. Kichwani mwake watatu wenye neno la siri walikuwa wamebaki mmoja. Lakini mbele ya Mkuu tano ni tano tu. Injinia angesema ndivyo alivyoandika tangu mwanzo.

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Lete ushahidi wa karatasi. Wale wanaamini karatasi kuliko mtu aliyeungua."

*

Karatasi. Saa nane na nusu alikuwa amerudi kiwandani kwa mlango wa nyuma, amemkamata Fundi Umeme kwenye ngazi.

"Asubuhi mashine ilipoandika themanini na tano ulishangaa. Kwa nini?"

Fundi Umeme akaangalia juu dirishani, kisha akaangalia koleo lake. "Kwa sababu wiki tatu nilikuwa naona sifuri, kama Kengele."

"Watoto wanne."

"Wanne. Na mkubwa ameniuliza jana kama kweli shangazi Kengele amemchoma mtu. Sikumjibu." Akalitia koleo mfukoni. "Unataka nini?"

"Karatasi za zamu za wiki tatu zilizopita."

"Zikijaa kwenye msumari zinakwenda kwa Mama Pasi. Anafungia sare za manesi."

Mama Pasi alikuwa kwenye chumba cha mvuke, pasi mbili mikononi, rundo la karatasi zenye matundu nyuma yake. Aliposikia ni kwa ajili ya Kengele, alizima pasi zote mbili.

"Chukua zote, baba. Wakiniuliza, nitasema zimeungua. Maji ya moto hayachomi nyumba, lakini pasi inachoma."

Walipekua wote watatu, wamechuchumaa sakafuni, majasho yanawatiririka. Mashuka mia mbili na kumi, mashuka mia moja na tisini, mkanda umekatika, sabuni imechelewa. Ndipo Kisiki akaiona, kwa mwandiko mkubwa unaoegemea nyuma kama mtu anayekataa kusukumwa. Jumatano ya wiki tatu zilizopita: *Kioo kinaandika JOTO 0. Nimemwambia Injinia. Anasema kimezeeka.*

Akaigeuza.

Upande wa pili programu ilikuwa imechapwa. Sehemu ya mlango. 10, 20, 30, 40. Hapakuwa na tano. Hapakuwa na SHARED. Na pembeni, kwa kalamu ya risasi, mtu alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo wa adabu: *muda umepungua dk 6. Imejaribiwa. Sawa.*

"Mama Pasi," Kisiki alisema polepole, "wewe ungekuwa mwanaume ningekukumbatia."

"Nikumbatie hivi hivi, nani kakwambia nina mume mkali?"

*

Injinia alikuwa ofisini na Meneja, mtu wa suti aliyekuwa ameshika simu kabla hata Kisiki hajakaa.

"Saa tisa na dakika ishirini," Meneja alisema. "Mkuu wako aliniahidi tumemalizana."

"Dakika tano, bosi. Nimekuja kusoma. Injinia, nifundishe. Niandikie programu ya kumkaribisha mgeni. Mistari mitatu tu."

Injinia alishangaa, lakini kusifiwa ualimu kulikuwa kunamwingia. Akachomoa kalamu moja kati ya nne. Akaandika: 10, karibu. 20, kaa. 30, chai ipo.

"Safi. Lo, nimesahau, kabla ya yote apige hodi kwanza. Iweke."

Mkono wa Injinia ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna. Juu ya kumi, ukaandika: 5, hodi.

Ukasimama hapo.

Kisiki aliweka kijitabu chake kando ya karatasi hiyo. Kisha akaiweka ile ya Mama Pasi, imekunjwa, ina harufu ya pasi.

"Hii ni programu ya leo. Ina tano. Hii ni ya wiki tatu zilizopita, haina. Mgongoni ina tarehe, kwa mkono wa mwanamke mliyemweka ndani. Pembeni ina mkono wako."

"Hiyo ni takataka," Meneja alisema. "Karatasi ya kufungia nguo!"

"Ndiyo. Ingekuwa ya maana mngeshaichoma."

Meneja alikuwa ameshapiga simu. Aliongea maneno mawili, akamsukumia Kisiki. Sauti ya Mkuu ilitoka kali mpaka Injinia akaisikia.

"Toka humo, Kisiki. Rudi na faili nilifunge."

"Silifungi, Mkuu."

"Unasema?"

"Nasema silifungi. Ukitaka kulifunga, lifunge na mimi ndani. Tena andika kabisa kwamba nilikuwa na karatasi mkononi ukanikataza kuileta. Mimi nitasaini. Leo kila mtu anasaini anachokiona."

Simu ikakatwa. Kisiki akamrudishia Meneja kifaa chake kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Injinia alikuwa bado anaitazama ile tano. Adabu yote ilikuwa imemtoka usoni, akawa mzee tu aliyechoka.

"Nilijaribu," alisema. "Wallahi nilijaribu kabla ya kuiweka. Mlango ulifunguka vizuri."

"Ulijaribu kama unakataa?"

Injinia akaiweka kalamu mezani.

"Uliona sifuri kwenye kioo?"

"Nilidhani kioo."

"Jumanne ukajua si kioo."

"Jumanne jioni niliketi pale nikasoma kila mstari. Kwetu zamani JOTO ni JOTO. Nani aligawa vyumba? Nikatafuta kwenye kitabu saa nzima ndipo nikaliona hilo neno." Akaigusa ile tano kwa kidole. "Nikaliweka."

"Namba tano."

"Namba tano."

"Kwa kutojua sikuhukumu, mzee. Mimi mwenyewe sijui mengi. Lakini Jumanne jioni ulijua, na Jumatano asubuhi ulikuja kituoni ukasema bisibisi." Kisiki akakunja karatasi zote, akaziweka ndani ya shati, kifuani. "Twende. Na wewe, bosi wa dakika sita, njoo. Nani aliyeziomba hizo dakika, tutauliza wote mkiwa mmekaa."

"Mimi nina wakili," Meneja alisema.

"Mlete. Benchi letu ni refu."

*

Saa kumi kasoro dakika nne, Kengele aliletewa karatasi kwa mara ya nne. Hakuuliza kwa nini Meneja na Injinia wamekaa kwenye benchi la korido. Alisoma kwanza. Alipitisha kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza, na chumba kizima kikasubiri, Mkuu akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Kidole kilifika katikati ya ukurasa, kikasimama.

*Kioo kiliandika JOTO 0.*

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," Kisiki alisema. "Kuna kosa?"

"Hamna." Akanyoosha mkono bila kumwangalia mtu. "Kalamu."

Kisiki alipapasa mifuko yake. Kalamu yake aliisahau kwa Injinia. Karani hakuwepo. Kengele hakuurudisha mkono. Aliuacha hapo hapo hewani, wazi, anaangalia mlangoni.

Mkuu akaangalia sakafuni. Ile kalamu ya asubuhi ilikuwa bado chini ya meza. Akakohoa. Akavuta suruali magotini, akainama, tumbo likimpa shida, akaingiza mkono chini ya meza mpaka begani, akaipata. Akaifuta vumbi kwenye kaunda yake, akampa.

Kengele hakutia sahihi mara moja. Alirudi kwanza katikati ya ukurasa, akaizungushia kalamu ile sifuri, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa nene na nyeusi na wino ukapenya upande wa pili. Ndipo akasaini.

"Sasa nipelekeni hospitali kwa mama yangu mdogo," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye benchi la korido. "Kwa gari. Siku mbili mmenikalisha, siendi kwa miguu."